Kadi ya Kucheka

Abdilatif alikuwa mtaalamu wa mioyo ya watoto, na cheti alikuwa nacho. Kilining'inia sebuleni ndani ya fremu ya plastiki ya rangi ya dhahabu, mahali ambapo mgeni akiinua kikombe cha chai hana budi kukiona. Alikipata kwenye semina ya hoteli moja Nairobi, na tangu hapo hakuna mtoto wa Garissa aliyelia mbele yake bila kuelezwa jina la kilio chake. Watoto wa kambi za Dadaab aliwachorea nyuso. Watoto wa shule aliwafundisha kuvuta pumzi. Binti yake mwenyewe, Ugbad, alikuwa hajamwambia neno tangu mafuriko, lakini mganga hajigangi, na mtaalamu ana shughuli nyingi.

Jumanne hiyo alirudi nyumbani amevimba kama andazi lililokutana na mafuta ya moto.

"Kaaha!" alimwita mkewe kabla hata ya kuvua viatu. "Alhamisi tuna wageni. Salah, bosi mwenyewe wa shirika letu, na daktari kutoka Nairobi. Wanataka kuona nyumba ambamo mbinu yetu ya kadi imefaulu. Nimewaambia waje hapa kwetu."

Kaaha alikuwa amechutama uani, anasuuza madumu ya maziwa ya ngamia aliyouza sokoni asubuhi. Hakuinua kichwa. "Imefaulu kwa nani?"

"Kwa Ugbad."

Hapo Kaaha aliinua kichwa. Chini ya mwarobaini, kwenye kivuli, msichana wa miaka tisa alikuwa ameketi na mbuzi mweupe, mdomo wake sikioni mwa mbuzi, midomo ikichezacheza. Walikaa hivyo kila siku wakitoka malishoni. Mto Tana ulipofurika na kubomoa nyumba yao ya zamani ya kando ya maji, Ugbad alivutwa botini akiwa amemkumbatia mbuzi huyo, na wanaume waliokuwa wakipiga kelele aachie mnyama hawakufua dafu. Tangu siku hiyo hakusema na mtu. Hakusema na mwalimu wa shule, wala maalimu wa dugsi alikosomea Kurani, wala mama yake. Alisema na Adey, mbuzi wake, peke yake, tena kwa kunong'ona.

Ila wiki iliyopita alimjia Kaaha jikoni, akamtazama usoni na kumwita mama kwa Kisomali, "Hooyo, Adey ana kiu." Basi. Kaaha alichota maji haraka, akamnywesha mbuzi kama anayemnywesha mfalme. Halafu akaenda nyuma ya choo akalia kwa furaha mpaka shela ikalowa. Sentensi moja, lakini alijua imetoka wapi na kwa mlango gani, na aliapa kwamba mlango ule hataugusa mtu.

"Mbinu ya kadi haijafanya lolote," alisema sasa. "Huyo mtoto ameshikwa mkono na mbuzi."

"Wewe unauza maziwa," Abdilatif alimjibu kwa upole wa watu waliosoma. "Mambo ya saikolojia niachie mimi."

Jumatano jioni, mtaalamu alianza kazi. Alimketisha Ugbad kwenye mkeka, akapanga mbele yake kadi nne za plastiki zenye nyuso: uso unaocheka, unaolia, wenye hasira na wenye hofu. Pembeni, juu ya kiti chake cha kamba, aliketi Maka, mama yake Abdilatif, bibi mwenye ulimi ambao hata wauza miraa waliuogopa.

"Ugbad, baba anauliza," Abdilatif alianza kwa sauti ya semina. "Leo unajisikiaje?"

Ugbad alizitazama kadi zote kwa makini. Akachukua uso wenye hofu.

"Hapana, si hiyo. Jaribu tena. Unajisikiaje?"

Akachukua uso unaolia.

"Si hiyo pia, mama. Fikiri vizuri. Una nyumba, una shule, una baba anayekujali. Unajisikiaje?"

Msichana aliitazama hasira, kisha akamtazama baba yake, asiiguse. Abdilatif alitikisa kichwa kama fundi aliyegundua hitilafu ya mashine. "Kadi nyingi zinamchanganya," alitangaza. Akazikusanya zile tatu, akazitia mfukoni. Ile iliyobaki, uso wa njano wenye meno, akaitoboa tundu, akaipitisha kwenye kamba ya kitambulisho chake cha zamani cha kazi na kumvisha Ugbad shingoni.

"Unajisikiaje?"

Ugbad akainua kadi ya kucheka.

"Mashallah! Unajisikiaje?"

Akaiinua tena.

"Mmeona?" Abdilatif aliwageukia wanawake, uso unang'aa. "Hii sasa ndiyo afya ya hisia."

"Hata punda wa maji anajua kona ya kugeukia," Maka alisema, akitafuna mswaki wake. "Ukimchapa siku tatu kwenye kona ile ile, ya nne anageuka mwenyewe. Sijawahi kusikia akipewa cheti."

Kaaha alicheka, kisha akanyamaza, maana Ugbad hakucheka. Kadi ndiyo iliyokuwa ikicheka, chini ya kidevu chake.

Lililofuata lilikuwa suala la chakula. Kaaha alisema atapitia buchari asubuhi, achukue nyama nzuri ya mbuzi, na ndizi za kula na wali, na maziwa yapo. Abdilatif alimtazama kama aliyetukanwa mbele za watu.

"Buchari? Salah ni mtu wa kwetu, Kaaha. Atauliza mbuzi amechinjwa saa ngapi. Nimwambie nini, kwamba alikuwa ananing'inia kwenye ndoano barabarani, nzi wanamsalimia? Mgeni wa heshima huchinjiwa mnyama wa zizi la mwenyeji."

"Zizi lipi? Ukame umelimaliza. Hapo nje kuna mbuzi mmoja, na si wako."

Na kweli hakuwa wake, wala hakuwa wa Kaaha. Ugbad alipozaliwa na kitovu chake kudondoka, Maka alikifunga kwenye mkia wa mwanambuzi aliyezaliwa mwezi ule. Desturi hiyo watu huwafanyia wavulana zaidi, na wanaume wa ukoo walinuna, lakini Maka aliwauliza kama msichana alilishwa tumboni kwa kijiko. Mbuzi wa kitovu ni mali ya mtoto, yeye na kizazi chake chote. Baba hauzi, babu hachinji, mdai hashiki, mpaka mwenyewe aombwe na akubali. Adey alikuwa mjukuu wa mbuzi yule, na wa mwisho katika ukoo wake.

"Mwenyewe anaombwa," Maka alisema, na sasa mswaki ulikuwa umetoka mdomoni. "Usiniletee aibu, Abdilatif. Hata baba yako, pamoja na ujinga wake wote, hakugusa mnyama wa mtoto bila kumwomba."

"Nani amesema sitamwomba?"

Alichutama mbele ya Ugbad mpaka macho yao yakalingana, kama semina ilivyoelekeza. Akamshika mabega. "Ugbad, kesho baba ana wageni wakubwa. Tunataka Adey atusaidie kuwakaribisha. Unakubali?"

Neno kuchinja hakulitaja. Ugbad alimtazama baba yake, akamtazama na mama yake muda mrefu zaidi. Kaaha aliyaona macho yale na aliyajua, maana ndiyo macho yaliyokuwa botini. Kisha mkono mdogo ukapanda pole pole, ukashika kitu pekee kilichokuwa mbele yake cha kushika.

Akainua kadi ya kucheka.

"Amekubali!" Abdilatif aliruka. "Mashahidi ni nyinyi. Mtoto ameulizwa, mtoto amejibu."

"Umemwachia mtoto jibu moja," Maka alisema, "kisha unamuuliza swali."

Kaaha alifungua kinywa. Alikuwa na maneno, tena mengi. Sokoni hakuna mnunuzi aliyewahi kumshinda kwa maneno, hata madalali wa Bute wanaobishana mpaka na kivuli chao. Lakini mumewe alimwahi. "Mkataba wangu unaisha mwezi huu," alisema kwa sauti ya chini. "Unataka turudi kulala kwenye mahema ya mafuriko? Sema sasa, nimpigie Salah nimwambie asije."

Kaaha akafunga kinywa. Mwanamke aliyeapa kwamba mlango ule hataugusa mtu alichukua ufagio akaanza kufagia ua uliokwisha kufagiwa.

Alhamisi Adey alichinjwa Ugbad akiwa shuleni. Jirani mmoja alimshika, akamwelekeza kibla, akasoma bismillahi, na kabla ya kisu mbuzi aliita, mara moja tu, akiwa ameelekeza kichwa kwenye lango la ua. Kaaha alisikia kutoka jikoni. Akatia hiliki, akatia mdalasini, akakaanga kitunguu, na kadiri chakula kilivyonukia vizuri ndivyo alivyojichukia. Ngozi nyeupe ilipakwa chumvi ikaanikwa juu ya ukuta, maana hata ngozi ina bei yake na Abdilatif hakuwa mtu wa kutupa vitu.

Wageni walifika kwa gari lenye vioo vyeusi. Salah alitangulia, ndevu zake zikiwaka hina, akifuatwa na Daktari Nyaboke, mwanamke mcheshi wa makamo aliyejifunga mtandio vizuri kuliko alivyotarajiwa. Abdilatif aliwapokea kwa fulana mpya iliyoandikwa kifuani MTOTO MWENYE FURAHA NI TAIFA LENYE FURAHA. Mikono ikaoshwa, sinia ikatua, na mazungumzo yakahama kutoka hisia za watoto kwenda kwenye mbavu.

"Kula bole bole, daktari," Maka alimwambia mgeni kwa Kiswahili chake. "Hii nyama iko na mwenyewe."

"Asante, bibi. Tamu kweli!" Daktari Nyaboke hakuelewa, akachukua kipande kingine. Kisha akafuta vidole. "Lakini Abdilatif, sikuja kula tu. Nina hamu ya kitu kimoja. Ile siku ya semina ulipotusimulia habari za binti yako na mbuzi wake kwenye boti, mimi nililia. Ndiyo maana nikamwambia Salah lazima nifike. Yuko wapi huyo mbuzi?"

Ubavu ulisimama katikati ya safari kati ya sinia na mdomo wa Abdilatif. Alikuwa amesahau. Alisimulia mengi kwenye semina ile, yote yalipigiwa makofi, na hakukumbuka lipi lilitoka nyumbani kwake. Yeye alidhani watu wamekuja kuona kadi.

"Mlete, tumpige picha na mtoto," Salah alisema kwa mdomo uliojaa. "Wafadhili watapenda."

"Yuko nje," Abdilatif alisema. "Karibu karibu tu. Nakuja sasa hivi."

Akatoka mbio. Mbuzi wa Garissa hawana shida ya kupatikana. Wanazurura barabarani mchana kutwa wakila maboksi, na usiku kila mmoja anajua kwao. Mtaalamu wa mioyo ya watoto alimkimbilia wa kwanza mweupe aliyemwona, akamkosa, akamkimbilia wa pili, akamdaka kwa pembe, na fulana ya taifa lenye furaha ikapata matope mgongoni.

Wakati huo huo Ugbad aliingia kwa lango la nyuma, mkoba begani, kadi shingoni. Kaaha alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na birika mkononi. Alimwona binti yake akienda moja kwa moja mpaka chini ya mwarobaini. Kamba ya Adey ilikuwepo. Alimwona akiiokota, akiifuata kwa macho mpaka ncha yake. Halafu Ugbad akainua kichwa na kuiona ngozi ukutani.

Hakupiga kelele. Kaaha alitamani apige kelele. Alitamani birika limwagike, nyumba ianguke, mto urudi.

"Ugbad!" Abdilatif aliingia akimkokota mnyama kwa pembe. "Njoo na Adey wako, wageni wanakusubiri!"

Akamshika mtoto kwa mkono mmoja na mbuzi kwa mkono mwingine, akawafikisha wote wawili barazani. Mnyama alikuwa beberu mkubwa, mwenye harufu ya kutosha kufungua pua za mtaa mzima. Daktari Nyaboke alipiga magoti mbele yao, machozi yakimlengalenga.

"Kwa hiyo huyu ndiye rafiki yako?"

Maka alijipigapiga paja. "Tangu lini Adey akaota korodani?" aliuliza kwa Kisomali, kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini.

Salah alilisikia swali hilo na akalielewa. Aliitazama ngozi iliyokuwa ukutani, akautazama mfupa uliokuwa mkononi mwake. Kisha akakohoa kidogo, akaendelea kula.

"Bibi anasema nini?" Daktari Nyaboke aliuliza.

"Anakuombea dua," Salah alimwambia.

"Jamani! Asante, bibi." Akamgeukia Ugbad tena, akatoa simu tayari kwa picha. "Haya, mrembo. Niambie, leo unajisikiaje?"

Ugbad alisimama na kamba mkononi. Beberu alianza kutafuna ukingo wa fulana ya Abdilatif. Mkono wa mtoto ukapanda ukaishika kadi, ukazidi kupanda, ukapita kidevu, ukapita mdomo, mpaka uso wa njano wenye meno ukaziba uso wake wote.

Picha ikapigwa. Makofi yakapigwa.

"Ajabu," daktari alisema. "Kwa kweli hii mbinu inafanya kazi."

Alasiri wageni waliondoka, na Abdilatif akawasindikiza mpaka garini akiwafungulia milango kama tarishi. Beberu alijiondokea zake kwenda kwao. Ugbad alirudi chini ya mwarobaini, akaketi mahali pa Adey, kadi bado imeziba uso.

"Ugbad," Kaaha alimwita.

Kadi.

"Umekula, mama? Nikuletee maziwa?"

Kadi, haikutikisika.

Hofu iliyomshika Kaaha ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya mafuriko. Siku ile alijua mtoto yuko upande gani wa maji. Alikuwa ameandaa maneno tangu asubuhi, yale maneno ambayo kila mama huwa nayo: usijali, tutakununulia mwingine, Mungu amempenda zaidi. Yalimfika kwenye ncha ya ulimi na akayaonea kinyaa. Yalikuwa kadi nyingine tu, yenye meno vilevile.

Akaketi chini mavumbini, mbele ya ile kadi.

"Nilimpika mimi," alisema. "Nilikuona jana ulipoinua hiyo kadi. Nilijua hukukubali. Nilijua, Ugbad, na nikanyamaza, kwa sababu nilimwogopa baba yako na nikaiogopa njaa. Adey alikuwa wako na sisi tumemwiba. Nisamehe, mwanangu."

Maka, kwenye kiti chake, aliacha kutafuna. Miaka yote ya uhai wake hakuwahi kusikia mzazi akimwomba mtoto msamaha, na hakuwa na methali ya kuliwekea jambo hilo.

Kadi ilikaa pale pale. Kisha ikashuka kidogo, macho mawili makavu yakatokeza juu yake.

"Aliita?" Ugbad aliuliza.

Kaaha angeweza kusema hapana. Mama yeyote mwenye huruma angesema hapana.

"Aliita," alijibu. "Mara moja. Alikuwa anatazama langoni."

Kadi ilimponyoka ikaning'inia kifuani. Kilichofuata kilitoka mbali, kilitoka kwenye boti, kikapita katikati ya ukimya wote ule na kutoka kwa mlio uliowafanya majirani wachungulie juu ya kuta. Ugbad alijitupa chini akapiga ardhi kwa ngumi. Akampiga mama yake. Kaaha hakuzuia ngumi hata moja.

"Adey! Adey wangu! Mlimla! Mlimla Adey wangu!"

Abdilatif alitokeza mbio kutoka mbele, simu ameibana kifuani kwa kiganja. "Mnyamazishe!" alifoka kwa kunong'ona. "Salah yuko kwenye simu kutoka garini, ananipa mradi mpaka Elwak! Daktari anasikiliza! Mwambie ainue kadi!"

Kaaha aliivua ile kamba kwenye shingo ya binti yake, taratibu, asimuumize masikio. Akasimama, akamvisha mumewe juu ya fulana iliyotafunwa.

"Vaa wewe," alimwambia. "Mwache mtoto alie."

"Kaaha, mkataba—"

"Tangu mafuriko unatafuta mtoto wa kukuonyesha alichonacho moyoni. Huyo hapo. Mjibu yeye kwanza."

Abdilatif alimtazama binti yake, na hakukuwa na kitu chochote katika semina nzima kilichomwambia afanye nini na mtoto anayelia kwa sababu yake. Kwenye kiganja chake simu ilikuwa ikisema halo, halo, mtandao umekatika, ni nini hicho kinacholia?

"Mwambie ni mbuzi," Maka alisema.

Kaaha alikuwa amekwisha kurudi chini mavumbini. Alimpakata Ugbad, msichana mkubwa wa miaka tisa, miguu yake mirefu ikiburuzika ardhini, akamwacha alie. Adhana ya magharibi ilipoanza alikuwa bado analia na kusema, kusema na kulia, akisimulia habari za Adey, na za maji, na za giza la ndani ya boti, na mama yake akiitikia kila neno.